Kimbunga Hidaya kilimwezua mama Mafia: tuezeke bati nene au turudi kwenye makuti?

BintiKirongwe (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri kwa wanaoijua pwani na upepo wake, maana ukoo umegawanyika na mimi, dada mkubwa, ndiye ninayeshika pesa za mchango.

Mama yangu anakaa Kirongwe, Mafia. Mimi niko Mbagala, nashona. Jumamosi ile ya tarehe 4 Mei 2024, Hidaya kilipoingia kisiwani, mama alikuwa ndani na wajukuu wawili. Nyumba ni ya marehemu baba: kuta za udongo na mawe, nguzo za mikandaa, juu mabati membamba ambayo baba aliyanunua moja moja kwa pesa za nazi mpaka yakatosha. Ilimchukua miaka minne. Nakumbuka akiyapanga chini ya kitanda kama mtu anayeficha dhahabu.

Mama anasema bati la kwanza lilipoanza kupiga, alidhani mtu anagonga mlango. Akaitikia kabisa, "Karibu, nani?" Halafu mabati sita yakaondoka kwa mpigo mmoja, pamoja na mbao zake. Mawili tuliyakuta baadaye kwenye mkorosho wa jirani, yamekunjwa kama chapati. Manne hatujayaona mpaka leo. Mama aliwasukuma watoto uvunguni, yeye akakaa mlangoni mwa uvungu na sinia la shaba kichwani. Mvua ikawa inanyesha ndani kuliko nje.

Mimi huku Mbagala simu yake haipatikani siku mbili. Redio inasema boti za Unguja zimesimama, bandari ya Nyamisati hakuna kinachovuka kuja Mafia, barabara ya kusini imekatwa na maji Somanga. Nilishona sare za shule usiku kucha ili nisifikiri. Nilikuja kuzifumua zote, mikono ya mashati niliigeuza nje ndani.

Na jina lenyewe, Hidaya! Mama ana shoga yake anaitwa hivyohivyo. Mpaka leo kijiji kinamtania kwamba anadaiwa mabati sita.

Sasa, tangu siku ile nyumba ina turubai upande mmoja na makuti ya kuazima. Desemba ya mwaka uleule tuliposikia kimbunga Chido kimeipiga Mayotte tarehe 14 na kesho yake kimeingia Msumbiji, mama alitoka nje, akaketi kwenye kinu akilitazama paa. Hakusema kitu. Masika inakuja tena, nimeona tusingoje.

Tumechanga laki tisa. Kaka yangu anataka bati geji 28, lile zito, anasema upepo hauwezi kulinyanyua. Ba'mdogo anataka tuezue hata yaliyobaki turudi kwenye makuti, anasema kuti likiruka halimkati mtu shingo. Tumekaa vikao vitatu kwa simu, cha mwisho kiliisha kwa watu kukata.

Mama naye ana lake. Amesema: "Msiniezekee chochote kwanza. Nipandieni minazi." Minazi yetu kumi na mmoja ilianguka siku ile. Tunaona bado ana majonzi, maana ile minazi aliipanda na baba. Hilo tumeliacha pembeni, tunataka kujua la paa.

Mwenye uzoefu aseme. Mafundi wa pwani hasa. Natanguliza shukrani.

---

Mnguja_wa_Malindi

Pole sana dada, na mpe pole mama. Lile sinia la shaba lihifadhiwe.

Mimi si fundi, nyumba yangu ya kupanga, paa si langu. Ila nimecheka kidogo nilipoona "la minazi tumeliacha pembeni". Hapa Unguja historia yetu nzima iligeuzwa na miti iliyoanguka siku moja.

Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja. Sultani wetu, Sayyid Barghash, alikuwa hajatimiza miaka miwili kwenye kiti. Karibu vyombo vyote vilivyokuwa bandarini vikatupwa pwani au vikazama, merikebu zake mwenyewe zikiwemo. Ile merikebu ya Glasgow aliyoiagiza baadaye kutoka Scotland ilikuwa ya kufidia zilizopotea siku hiyo, na ndiyo Waingereza waliyoizamisha tarehe 27 Agosti 1896 katika vita vile vya dakika thelathini na nane. Lakini merikebu hununuliwa. Mikarafuu hainunuliki. Kama theluthi mbili ya mikarafuu ya Unguja ililala, na minazi pamoja nayo. Pemba ilipona kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu unataka miaka sita, saba, minane kabla hujaona kikonyo. Kwa hiyo bei ikapanda, mwenye shamba Pemba akatajirika, mwenye shamba Unguja akakopa. Leo ukitaja karafuu mtu anakwambia Pemba, wengi hawajui kwamba kabla ya 1872 mambo yalikuwa kinyume.

Halafu mwanzoni mwa 1873 akaja mjumbe wa Waingereza, Sir Bartle Frere, na mkataba wa kufunga biashara ya watumwa. Barghash akajitetea kwamba tufani imeshamfilisi, akifunga na soko atabaki na nini. Mwezi Juni akatia saini. Tena tusijidanganye: mashamba yale yalipopandwa upya, aliyechimba mashimo si aliyeandikwa jina kwenye hati ya shamba. Tufani iliangusha miti ya tajiri, jembe akashika mtumwa.

Jambo jengine. Tufani ya 1872 ilikuwa Aprili. Ile iliyoipiga Lindi mwaka 1952, Aprili. Kenneth ya 2019, Aprili. Hidaya, Mei mwanzoni. Wazee wetu kipindi hichi wanakiita tangambili: kaskazi imekufa, kusi haijashika, nahodha anaweza kwenda kokote na anaweza kufia popote. Kwa hiyo kama unaezeka, maliza kabla ya Aprili.

---

Mzee_wa_Kona

Mnatishana bure. 2021 tuliambiwa Jobo kinakuja Dar, watu wakafunga maduka, kikaja kivuli na manyunyu. 2019 nilikuwa Mtwara kikazi, tukaambiwa Kenneth kinaingia, shule zikafungwa, watu wa mabondeni wakahamishwa, mimi nikanunua mikate kumi. Kesho yake jua limewaka, nikala mikate wiki nzima. Kimbunga kwetu ni habari ya redio tu. Dada weka bati la kawaida, pesa inayobaki mnunulie mama mbuzi.

---

Fundi_Mmwani

Mzee wa Kona, hicho kimbunga ulichokingoja Mtwara kikakukosa, kilikuja kwetu.

Mimi ni Mmwani wa kisiwa cha Ibo, Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, seremala wa mashua na wa mapaa. Mtwara nipo tangu 2020, mke wangu ni wa hapa. Kiswahili changu kina Kimwani ndani yake, mtanivumilia.

Ilikuwa Alhamisi tarehe 25 Aprili 2019. Wiki sita nyuma Idai kilikuwa kimeivunja Beira, na sisi tukajiambia mwaka huu zamu ya Msumbiji imekwisha, haiwezekani viwili kwa masika moja. Redio ikasema kilomita mia mbili na zaidi kwa saa. Nani kwetu anapima upepo kwa kilomita? Sisi tunapima kwa tanga: kuna upepo wa kupunguza tanga, kuna wa kushusha tanga, na kuna wa kushuka chomboni na kuswali. Hakuna aliyekuwa na kipimo cha ule uliokuja.

Tuliingia kwenye nyumba ya mawe ya zamani, za enzi ya Mreno, kuta zake unene wa mkono mzima. Tulikuwa kama watu sitini na kuku. Vigae vya juu viliondoka karibu na magharibi, tukabaki na kuta na mbingu. Na hapa dada sikiliza, maana ndipo penye jibu lako la kwanza. Upepo ulianza kutoka kusi. Baada ya muda ukahamia matlai, yaani mashariki. Ulipokuwa unaisha unatoka kaskazi. Kimbunga huku kwetu kinazunguka kama mshale wa saa, na kikikupita ubavuni kinakupiga kutoka kila upande kwa zamu. Sisi mafundi wa pwani tumezoea kufunga nyumba dhidi ya kusi, ubavu mmoja. Nyumba nyingi Ibo zilistahimili kusi. Ziliondoka upepo ulipogeuka.

Asubuhi nilitoka nje nikaona bahari pande zote. Nilikuwa sijawahi kuiona bahari nikiwa mlangoni kwetu, kulikuwa na miti. Nyumba tisa katika kila kumi zilikuwa chini au hazina kitu juu. Mashua yangu niliyokuwa naiunda, imebaki mataruma matatu na mkuku, niliikuta imekaa kwenye ua wa mtu kama ameialika. Mvua haikukatika siku kadhaa, Pemba yetu ile ya bara ikafurika, baadaye kipindupindu. Mchele ulipofika Ibo ulifika kwa helikopta.

Sasa la paa lako.

Umesema mabati sita yaliondoka kwa mpigo mmoja, pamoja na mbao zake. Hapo umeshajijibu mwenyewe. Msumari wa bati haukushindwa! Bati liliing'ang'ania mbao mpaka mwisho. Kilichoachia ni mbao kwenye ukuta. Baba yako, Mungu amrehemu, alinunua mabati kwa miaka minne, lakini fundi aliyemwezekea alilaza mwamba, ule mti wa juu ya ukuta, juu ya udongo mtupu, akapiga misumari miwili ya inchi nne, akala wali akaondoka. Nawajua mafundi hao, nilikuwa mmoja wao. Kaka yako akiweka geji 28 juu ya mbao zilezile, upepo utabeba geji 28. Uzito wa bati hauwezi kushindana na upepo uliopenya upenuni na kusukuma kutoka chini.

Kwa hiyo laki tisa yako usiimalize kwenye bati. Nunua waya mnene wa kufungia nondo. Bomoa udongo kidogo juu ya kila nguzo ya mkandaa mpaka uione, uzungushe waya mara nne kwenye kombamoyo, ule mti wa paa unaoteremka, na nguzo yenyewe, si kwenye mwamba peke yake, kisha uukaze kwa koleo mpaka ulie. Zile nguzo nazo zitazamwe chini. Iliyooza kwa mchwa ni uongo, haishiki kitu, ibadilishwe na mpya ishuke mkono na nusu na ipigwe mkingamo chini ya ardhi. Pao nazo, zile fito za kupigilia bati, zifungwe kwenye makombamoyo, msiamini msumari peke yake. Misumari ya bati iwe mingi kwenye kingo na kwenye mgongo wa paa, katikati unaweza kupunguza. Na fanyeni hivyo pande zote nne, nimeshaeleza kwa nini.

Baraza. Nyumba nyingi za Mafia paa la baraza ni lilelile la nyumba limeteremshwa. Kata. Baraza liwe na paa lake peke yake, chini kidogo ya la nyumba. Upepo ukija utachukua baraza, ushibe. Likiwa moja, baraza linakuwa mdomo wa kuvulia nyumba nzima.

Tena kuna watu wataweka mawe juu ya bati, au magurudumu ya gari. Mwambie mama asikubali. Nimemwona mtu aliyepigwa na jiwe la paa lake mwenyewe.

Ba'mdogo wako anasema kweli kuhusu makuti, nusu. Kuti likiondoka linaondoka moja moja, upepo unapita katikati, na likikupiga unajifuta tu. Makuti ya viungo yaliyofungwa vizuri kwa kamba nimeyaona yakisimama pale bati liliposhindwa. Lakini paa la makuti likivuja, ukuta wa udongo unanyeshewa, na ukuta ukishaloa unakaa chini wenyewe siku ya tatu, watu wamelala. Wengi kwetu nyumba ziliwaangukia baada ya upepo, si wakati wa upepo.

Na sasa nakuja kwa mama, maana naona nyote mmempita.

Tulipotaka kuezeka upya Ibo, turubai zilikuja, sawa. Turubai jua la kwetu linalila, kwa mwaka mmoja ni nyuzi. Tukasema turudi kwenye makuti kama wazee. Makuti yako wapi? Minazi imelala yote. Yale yaliyoanguka nayo tuliyasuka wiki za kwanza, yakaisha. Kilichoezua nyumba ndicho kilichoangusha kile cha kuezekea. Mimi fundi, nina mikono, nina bisu, nina watu wanaoniita kila asubuhi, na sina cha kuwekea juu. Nilivuka kwenda bara kutafuta makuti kwa mashua ya kuazima, nikayanunua kwa bei ya bati. Mnazi wa kwetu huu mrefu unakaa miaka sita, saba, kabla hujazaa. Makuti unaanza kuyakata mapema zaidi, lakini si mwaka ujao.

Na mnazi si makuti tu. Ni tui, ni kamba ya kufungia hilo paa, ni kumbi za kupikia, ni ile pesa iliyomnunulia baba yako mabati. Mama yako hajalemewa na majonzi. Amepiga hesabu mbele yenu nyote.

Niambie nguzo ni ngapi nikukadirie waya.

---

Mzee_wa_Kona

Fundi, nimekusoma. Sikujua kilikwenda huko hivyo. Mikate nimeifuta.

---

Mwana_Hali_ya_Hewa

Niongeze kidogo kwa sababu hoja ya "walitutisha bure" inarudi kila mwaka na mimi ndiyo fani niliyosomea.

Kimbunga kinahitaji bahari ya moto, nyuzi joto 26 au 27 hivi kwenda juu, na kinahitaji msukumo wa mzunguko wa dunia ili kianze kujisokota. Msukumo huo unapungua kadiri unavyoikaribia ikweta. Ndiyo maana Msumbiji na Madagascar wanapigwa mara nyingi na sisi mara chache. Tena Madagascar imekaa kama ukuta, vingi vinavyotoka mashariki vinaipiga yenyewe kwanza. Vinavyotufikia ni vile vinavyopita juu ya ncha yake ya kaskazini, kama Kenneth, ambacho kabla ya Msumbiji kilipita pembeni ya Ngazidja, kisiwa cha Komoro.

Chache lakini si sifuri. Kutoka Mtwara mjini mpaka pale Kenneth ilipoingia nchi kavu hakufiki kilomita mia tatu. Kwa kitu kilichosafiri bahari nzima, hiyo ni kama mshale uliolengwa kichwani ukakatiza sikioni. Aliyekwambia uiname hakukudanganya. Jobo ilikufa kabla ya kufika, ndiyo, na Hidaya nayo ilipoteza nguvu ilipogusa Mafia. Kilichomwezua mama yake dada ni kimbunga kinachokufa. Hilo ndilo linalonisumbua mimi nikisikia watu wanacheka.

Na upepo si mwisho. Somanga hapakukatwa na upepo, palikatwa na mvua. Watu wa Kilwa na Lindi walikaa njiani siku kadhaa, malori ya mizigo upande huu na upande ule, hali anga la Dar limeshakuwa jeupe.

---

BintiKirongwe

Wakuu nimechelewa kurudi, nilikuwa na kazi ya harusi, sare za watu ishirini na wawili.

Fundi, maneno yako nilimsomea mama kwa simu, yote, polepole. Ulipofika pale pa fundi aliyekula wali akaondoka, alinikatisha. Akasema, "Wali na pweza." Kumbe anamkumbuka mpaka kitoweo. Ulipofika pa minazi alinyamaza, halafu akasema, "Huyo wa Ibo ni mtoto wa nani?" Kwa mama hiyo ni sifa kubwa, baba hakuwahi kuulizwa hivyo.

Kikao cha nne kimekaa jana, hakuna aliyekata simu. Tumekubaliana hivi: bati la kawaida sita tu, kujazia. Nguzo ni kumi na nne, nne zimeoza, zinabadilishwa. Waya ununuliwe Dar niupakie mimi mwenyewe kwenye gari la Nyamisati, maana kule bei haishikiki. Baraza linakatwa, ba'mdogo amepewa baraza aliezeke makuti anavyotaka, amefurahi. Kaka amenuna siku moja. Miche ya minazi kumi na mitano, mama mwenyewe ndiye anayechagua, amekataa kuletewa. Anasema mche hununui kwa picha ya simu.

Sikuwaambia jambo moja pale mwanzo kwa sababu sikulijua. Wakati namsomea, aliniuliza niwaulize swali lake. Kuna kisima chini kule karibu na pwani, alichokuwa akimwagilia mchicha na bilinganya. Tangu Hidaya maji yake yana chumvi. Hakumwambia mtu. Miezi yote hii amekuwa akiteka kisima cha juu, mwendo wa nusu saa, na mgongo wake ule, na sisi tunagombana geji 28. Anauliza, cha kwenu Ibo kilirudi? Na kama kilirudi, kilichukua muda gani? Amesema mumjibu kweli, msimpe moyo.

---

Fundi_Mmwani

Nguzo kumi na nne, chukua waya kilo sita, ukibaki funga banda la kuku.

Mwambie mama: vyetu vingine vilirudi, vingine mpaka naondoka havijarudi. Cha nyumbani kwetu kilichukua masika mbili. Ila asikubali vijana wakivute chote kwa siku moja kwa kudhani wanakisafisha, sisi tulifanya kosa hilo. Kisiwani maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi, ukiyateka kwa fujo unaipandisha chumvi ya chini. Ateke ndoo mbili tatu asubuhi, akiache. Akizungushie ukingo wa mawe maji ya mvua yasiingize matope, lakini uwanja wa kuzunguka asiusakafie, mvua inywewe na mchanga.

Asionje kila siku, ulimi unazoea. Sisi tulikuwa tunampelekea kikombe mama mkwe wa kaka yangu, kila mwezi unapoandama. Akinywa akatema, tunajua bado.